Kuunda senario ya Roma: Kwa nini ushindi wa Cannae haupaswi kuumaliza mchezo wa kompyuta

MNAMO Agosti 2, mwaka wa 216 Kabla ya Kristo (KK), jeshi kubwa la Roma lilizingirwa na kufyekwa katika uwanda wa Cannae, kusini mwa Italia. Mwanahistoria Polybius aliandika kuwa Warumi wapatao 70,000 waliuawa siku hiyo, naye Livy akataja idadi ya takriban 48,000. Kwa hesabu yoyote ile, lilikuwa janga.

Katika michezo mingi ya kompyuta inayohusu mikakati ya kivita, hapo ndipo skrini ingemtangaza mchezaji wa upande wa Carthage kuwa mshindi. Historia haikwenda hivyo. Roma ilikataa kusalimu amri, ikaandikisha vijana na hata watumwa jeshini, na miaka 14 baadaye, mwaka wa 202 KK, Hannibal, jemadari yule yule aliyeng'ara Cannae, akashindwa Zama, barani Afrika.

Je, inakuwaje upande unaoshindwa katika takriban kila pigano kubwa nyumbani kwake uibuke mshindi wa vita? Hilo ndilo swali linalomkabili yeyote anayetaka kuunda senario ya Roma ya kale kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Akilijibu vyema, mchezaji atajifunza jambo ambalo vitabu vingi hulieleza kwa kurasa na kurasa. Akilikwepa, atakuwa amevisha panga na ngao mchezo ambao ungeweza kutokea popote, wakati wowote.

Senario ni nini?

Kwa lugha nyepesi, senario ni kisa mahususi kilichopangwa ndani ya mchezo mkubwa. Kampuni iliyotengeneza mchezo hutoa askari, majengo, silaha na kanuni za jumla. Mbunifu wa senario huchagua mahali, wakati, pande zinazopigana, hali ya kila upande mwanzoni na namna mshindi atakavyojulikana. Ni kama mtunzi wa tamthilia aliyekabidhiwa jukwaa, waigizaji na maleba, kisha akatakiwa kutunga kisa.

Zana za kazi hii si ngeni. Mchezo wa Age of Empires uliotolewa mwaka wa 1997 ulikuja na programu ya kuhariri iliyomwezesha mchezaji kuchora ramani zake mwenyewe. Nyongeza yake ya mwaka wa 1998, The Rise of Rome, iliingiza Warumi na watu wa Carthage. Age of Empires II, uliofuata mwaka wa 1999, ukaleta vichocheo, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta itende jambo fulani pindi sharti fulani linapotimia.

Rome: Total War, wa mwaka wa 2004, ulifuata njia nyingine. Habari nyingi za kampeni yake zimo katika faili za maandishi ya kawaida na katika picha za ramani ambapo kila jimbo lina rangi yake, nao mji wake mkuu ni kitone kimoja cheusi. Anayejua kuzifungua faili hizo anaweza kubadilisha nani anamiliki mji upi, hazina ina fedha kiasi gani na ni jemadari yupi anayeongoza jeshi.

Hamu ya Roma haijafifia tangu hapo. Mnamo 2023, miaka 24 baada ya Age of Empires II kutolewa mara ya kwanza, toleo lake lililofanyiwa ukarabati liliongezewa Warumi.

Swali kwanza, ramani baadaye

Kosa la kawaida la mbunifu chipukizi ni kutaka kuingiza historia yote ya Roma katika senario moja. Anamtaka Hannibal, anamtaka Julius Caesar, na papo hapo anataka uwanja wa Colosseum uonekane kando ya barabara. Mshika mawili, moja humponyoka.

Roma ya mwaka wa 218 KK iliongozwa na makonsuli wawili waliochaguliwa kila mwaka. Roma ya Augustus, karne mbili baadaye, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kanuni zinazofaa kuieleza ya kwanza haziwezi kuieleza ya pili. Ama Colosseum, ulifunguliwa mwaka wa 80 Baada ya Kristo, karibu miaka 300 baada ya Hannibal kuvuka milima ya Alps.

Kwa hivyo, mbunifu mwenye busara huanza kwa kuandika swali moja katika sentensi moja. Kwa Vita vya Pili kati ya Roma na Carthage, vilivyopiganwa kuanzia mwaka wa 218 hadi 201 KK, swali linaweza kuwa hili: Je, Hannibal ataweza kuuvunja muungano wa Roma na miji ya Italia kabla Roma haijapata muda wa kumchosha?

Swali hilo likishaandikwa, mengi hujiamua yenyewe. Senario itaanza majira ya kuchipua ya mwaka wa 218 KK, Hannibal akiwa Carthago Nova, mji unaoitwa Cartagena siku hizi, nchini Uhispania. Itamalizika mwaka wa 201. Maeneo yatakayohitajika ni Italia, Uhispania, Sicily na kaskazini mwa Afrika. Kila kisichosaidia kulijibu swali, hata kiwe cha kupendeza namna gani, kitupwe nje.

Milima, bahari na umbali

Polybius anasimulia kuwa safari ya Hannibal kutoka Carthago Nova hadi nyanda za Mto Po ilichukua miezi mitano, na kwamba siku 15 kati ya hizo zilitumika kuvuka Alps. Kwa nini jemadari achague mateso hayo badala ya kupanda merikebu?

Jibu liko baharini. Katika vita vya kwanza kati ya madola haya mawili, vya mwaka wa 264 hadi 241 KK, Roma ilijenga jeshi la majini na kuipokonya Carthage utawala wa bahari ya magharibi. Kuwasafirisha maelfu ya askari na farasi kwa vyombo kungekuwa kuwatia kinywani mwa adui.

Mbunifu akiisahau bahari, senario yake imekufa kabla haijaanza. Mchezaji atawapakia askari merikebuni, atawashusha karibu na malango ya Roma, na Alps zitabaki kuwa pambo. Sharti basi pawe na merikebu za Kirumi zinazozunguka, zenye nguvu ya kuifanya safari kuwa bahati nasibu. Hata hivyo, mlango usifungwe kabisa, maadamu mwaka wa 215 KK nyongeza ya askari na ndovu kutoka Carthage ilifanikiwa kushushwa Locri, kusini mwa Italia.

Kisha kuna tatizo la nafasi. Ramani kubwa zaidi katika Age of Empires II wa mwaka wa 1999 ilikuwa na miraba 240 kwa 240. Eneo kutoka Uhispania hadi ncha ya Italia likisambazwa humo kwa vipimo sawa, miji ya Italia ambayo ndiyo moyo wa kisa itasongamana mahali padogo, ilhali mapori ya Gaul yatachukua nafasi tele bila kazi.

Suluhisho ni kuitanua Italia na kuifinya njia ya kuelekea huko. Ramani ya senario hupimwa kwa umuhimu wa mahali, wala si kwa kilomita. Kisichoruhusiwa ni kugeuza mpangilio: Capua isiwe kaskazini mwa Roma, nao mlima usiwekwe pasipokuwa na mlima.

Kipo pia kitendawili cha njia yenyewe. Wataalamu hawajakubaliana hadi leo ni mwanya upi wa Alps aliopitia Hannibal. Mbunifu anaweza kuigeuza hitilafu hiyo kuwa mtaji kwa kuchora njia mbili au tatu, moja fupi iliyojaa maadui na nyingine ndefu yenye theluji, kisha akamwachia mchezaji achague.

Askari 500 ndani ya mmoja

Idadi ya majeshi ndiyo sehemu ambapo hesabu hukutana na sanaa. Kwa mujibu wa Polybius, Hannibal alianza safari na askari wa miguu 90,000 na wapandafarasi 12,000. Baada ya kuwaacha wengine kulinda Uhispania, kuwarejesha wengine makwao na kuwapoteza wengine vitani, aliivuka milima ya Pyrenees akiwa na watu 59,000. Baada ya kuvuka Mto Rhône walikuwa 46,000. Waliofika Italia walikuwa 26,000 tu: askari wa miguu 20,000 na wapandafarasi 6,000. Polybius anasema takwimu hizi za mwisho alizisoma kwenye bamba la shaba ambalo Hannibal mwenyewe aliliacha Lacinium, kusini mwa Italia.

Tuseme askari mmoja kwenye skrini anawakilisha askari 500 halisi. Jeshi lililovuka Rhône litakuwa na watu 92, na litakaloteremka Italia litakuwa na 52. Mchezaji ataona kwa macho yake bei ya kuvuka milima.

Kwa upande wa Roma, kipimo hicho kinavunjika. Polybius anaeleza kuwa mwaka wa 225 KK, Warumi na washirika wao wa Italia waliokuwa na uwezo wa kushika silaha walizidi 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Ukigawanya 770,000 kwa 500 unapata askari 1,540. Michezo mingi ya aina hii haikuundwa kubeba umati kama huo, na hata ingeubeba, mchezaji angekata tamaa akiwaona tu.

Ukweli ni kwamba watu hao hawakuwahi kusimama uwanjani kwa pamoja. Walikuwa akiba. Wanaoujua mchezo wa bao la Kiswahili watalielewa jambo hili upesi. Kila mchezaji ana kete 32, lakini bao linapoanza kete 10 pekee ndizo zinazokaa mashimoni. 22 zilizobaki huwa mkononi, zikiingizwa moja moja. Anayehesabu zilizo ubaoni pekee hajui nguvu za mpinzani wake.

Hivyo ndivyo Roma inavyopaswa kuundwa. Ipewe jeshi la wastani ubaoni, na mkononi iwe na akiba ya lejioni zinazozaliwa kila baada ya muda fulani. Lejioni moja, kwa maelezo ya Polybius, ilikuwa na askari wa miguu 4,200 na wapandafarasi 300, hivyo kwa kipimo chetu ni watu tisa. Baada ya Cannae idadi ya lejioni iliendelea kupanda hadi zikafika 25 hivi mwaka wa 212 KK.

Nao ndovu? Walikuwa 37 walipovuka Mto Rhône. Kwa kipimo cha 500 kwa mmoja, wote kwa jumla hawatoshi hata mguu wa ndovu mmoja. Hapa mbunifu analazimika kuivunja kanuni yake, aweke ndovu watatu au wanne kama ishara, na awafanye wadhaifu mbele ya baridi. Baada ya pigano la Trebia la Desemba mwaka wa 218 KK, karibu wote waliangamia kwa baridi.

Ushindi ni nini?

Sasa tunarudi Cannae. Michezo mingi humtuza anayeua. Mchezaji huangamiza majeshi, hubomoa majengo na mchezo ukaisha. Kwa kanuni hiyo, Hannibal angeshinda mara tatu: Trebia mwaka wa 218, ziwa Trasimene mwaka wa 217, na Cannae.

Lakini Hannibal hakuja Italia kumwua kila Mrumi. Alitaka kuwashawishi washirika wa Roma waiache mkono. Baada ya Cannae mpango huo ulianza kuzaa matunda. Capua, mojawapo ya miji mikubwa na tajiri mno ya Italia, uligeuka, nayo miji mingine kadhaa ya kusini ikafuata. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Italia ya kati ilisimama na Roma.

Kwa hivyo, kipimo cha ushindi katika senario hii kinapaswa kuwa uaminifu wa miji. Kila mji upewe alama, na Carthage ishinde iwapo itafikisha kiwango fulani cha alama kabla ya mwaka wa 201. Pigano litakuwa njia ya kuipata miji, halitakuwa mwisho wa safari.

Uzuri wa kanuni hii ni kuwa inafichua mtego uliomnasa Hannibal. Kila mji uliojiunga naye ulihitaji kulindwa, naye alikuwa na jeshi moja kuu. Alipokuwa kaskazini, Warumi waliadhibu kusini. Aliporudi kusini, walihamia kwingine. Mwaka wa 211 KK aliandamana hadi karibu na kuta za Roma akitumai Warumi wangeacha kuizingira Capua. Hawakuondoka, nayo Capua ikaanguka.

Mchezaji atakayeonja mtego huo kwa mikono yake mwenyewe, akimkimbiza Hannibal huku na huko kama mwenye nyumba anayeziba paa bovu wakati wa masika, ataelewa kwa nini ushindi uwanjani haukutosha.

Sharti na tokeo

Kanuni hizo zote hufikishwa kwa kompyuta kupitia vichocheo. Kila kichocheo kina sehemu mbili: sharti linaloulizwa na tokeo linalofuata. Lugha yake ni ya "ikiwa" na "basi", na haihitaji mtu awe mhandisi.

Mathalan, ikiwa kikosi cha Hannibal kimefika bonde la Mto Po, basi makabila ya Wagaul yampe askari. Ndivyo ilivyokuwa, Wagaul wa kaskazini mwa Italia walikuwa na kinyongo na Roma, na wengi wao walijiunga na mgeni.

Au, ikiwa jeshi la konsuli limeangamizwa karibu na mji wa kusini na hakuna jeshi jingine la Kirumi lililo jirani, basi mji huo ubadilishe mwenyewe. Kifungu hicho cha pili ni muhimu. Kinampa mchezaji wa Roma njia ya kujikinga, naye wa Carthage sababu ya kupanga pahala pa kupigania.

Kichocheo kingine kihusu mbinu ya Fabius Maximus, aliyeteuliwa dikteta mwaka wa 217 KK baada ya maafa ya Trasimene. Fabius alikataa kupigana ana kwa ana. Alimwandama Hannibal kando kando ya milima akimnyima chakula. Katika senario, ikiwa jeshi la Kirumi limekaa karibu na la Hannibal bila kushambulia kwa kipindi fulani, basi akiba ya chakula ya Carthage ipungue. Mvumilivu hula mbivu, na kanuni hii inampa mvumilivu tunda lake.

Haki inadai vichocheo viiume Roma pia. Makonsuli walibadilika kila mwaka, na si wote walioijua kazi ya vita. Tokeo moja linaweza kumwondoa jemadari wa Kirumi kila mwaka unapogeuka, hata awe hodari, na kumleta mwingine. Vilevile, mwaka wa 209 KK makoloni 12 kati ya 30 ya Kilatini yalitangaza kuwa hayawezi tena kutoa askari wala fedha. Ikiwa Roma imepoteza lejioni nyingi kupita kiasi, basi akiba yake ikauke kwa kiwango hicho.

Hatimaye kuna mlango wa Afrika. Mwaka wa 204 KK, Scipio alivuka bahari na kuipeleka vita nyumbani kwa Carthage. Ikiwa Warumi wametua Afrika, basi mchezaji wa Carthage alazimike kuchagua: amrudishe Hannibal au ahatarishe mji mkuu. Hannibal aliitwa nyumbani mwaka wa 203, baada ya kukaa Italia takriban miaka 15.

Hatari ya kumfunga mchezaji mikono

Vichocheo ni kama chumvi. Vikizidi, mchuzi hauliki. Yupo mbunifu anayependa historia kiasi cha kutotaka ibadilike hata nukta. Anaagiza kompyuta kuwa ifikapo mwaka wa 216, Roma ishindwe Cannae hata mchezaji afanye nini. Ifikapo 202, Hannibal ashindwe Zama hata awe na jeshi mara tatu ya lile la kweli.

Mchezo wa namna hiyo ni filamu inayomtaka mtazamaji abofye vitufe. Na kinyume na inavyodhaniwa, haufundishi historia. Unafundisha kuwa mambo yalikuwa hayana budi kutokea jinsi yalivyotokea, dhana ambayo hakuna konsuli wala jemadari wa Carthage aliyekuwa nayo asubuhi ya Agosti 2.

Kipimo kizuri ni kuweka visababishi na kuacha matukio. Roma iwe na akiba kubwa, bahari iwe yake, Carthage iwe na jemadari bora na wapandafarasi bora. Baada ya hapo Cannae inaweza kutokea Cannae, au Capua, au isitokee kabisa. Ikiwa wachezaji kumi wanaocheza vizuri watapata matokeo kumi tofauti, lakini kila mmoja akakumbana na mtego wa kulinda miji, mbunifu amefaulu.

Sauti ya Carthage

Lipo jukumu zito zaidi ambalo halionekani kwenye skrini. Karibu yote yanayojulikana kuhusu vita hivi yaliandikwa na upande ulioshinda au marafiki zake. Polybius alikuwa Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka, akawa rafiki wa jamaa ya akina Scipio. Livy aliandika karibu miaka 200 baada ya matukio; alimsifu Hannibal kwa ushupavu, kisha akamshutumu kwa ukatili na hiana.

Wapo Wagiriki wawili, Sosylus na Silenus, waliokuwa pamoja na Hannibal na kuandika habari zake. Vitabu vyao vimepotea, isipokuwa vipande vichache. Nao mji wa Carthage uliteketezwa na Warumi mwaka wa 146 KK.

Mbunifu anapoandika maelezo ya kumfungulia mchezaji kisa, anachagua atazungumza kwa sauti ya nani. Akimchora Hannibal kama jitu katili, atakuwa amerudia shutuma za adui zake. Akimchora kama shujaa asiye na doa, atakuwa amebuni. Njia ya haki ni kumwonyesha kama kiongozi wa dola iliyokuwa na maslahi yake, jeshi lake likiwa na Walibya, Wanumidia, Waiberia na Wagaul, watu wa lugha mbalimbali walioshikamana naye kwa miaka mingi.

Kwa msomaji wa Kiafrika, jambo hili lina uzito wa ziada. Magofu ya Carthage yako Tunisia. Baada ya kuuteketeza mji huo, Warumi waliliita eneo lake jimbo la Africa, jina ambalo baadaye lilienea hadi likawa la bara zima. Isitoshe, pigano la Zama liliamuliwa kwa kiasi kikubwa na Waafrika: Masinissa, kiongozi wa Wanumidia, alimletea Scipio wapandafarasi 4,000 na askari wa miguu 6,000. Senario inayoonyesha Wazungu wakipigana na Waafrika imekosea. Kaskazini mwa Afrika kulikuwa na wafalme wenye hesabu zao, na upande waliouchagua ulipindua mizani.

Hata kampuni kubwa hujikwaa. Rome: Total War ulianza mwaka wa 270 KK, lakini askari wake wa Misri walivishwa kama wa enzi za mafarao wa miaka elfu moja awali, ilhali wakati huo Misri ilitawaliwa na nasaba ya Ptolemy yenye asili ya Macedonia. Kundi la wapenzi wa historia lililojitolea kuunda Europa Barbarorum, mageuzi makubwa ya mchezo huo, lilifanya kazi ya kurekebisha kasoro kama hizo. Hata kalenda ililibadilisha: mwaka uliokuwa na zamu mbili ukawa na nne, ili majira yaathiri mwendo wa majeshi.

Mbunifu mwaminifu huambatanisha faili fupi ya maelezo. Humo hutaja yaliyo katika kumbukumbu za kale, yanayobishaniwa na yale aliyoyabuni yeye kwa ajili ya utamu wa mchezo. Ukurasa mmoja unatosha, na humwokoa mwanafunzi asije akanukuu katika mtihani jambo lililotungwa ili mchezo usichoshe.

Kujaribu na kurekebisha

Senario haikamiliki ramani inapokamilika. Mbunifu anapaswa kuicheza mwenyewe pande zote mbili, kisha awape wengine wasioijua. Yeye anajua mwanya ulipo milimani. Mgeni hajui, na akipotea kwa nusu saa ataacha kucheza.

Yafaa kuanza na mambo matatu. Je, upande wowote unaweza kushinda katika dakika za kwanza kwa hila ambayo mbunifu hakuifikiria? Je, kuna kichocheo kinachogoma kwa kuwa sharti lake haliwezi kutimia? Je, mchezaji anayeshindwa anaelewa kwa nini ameshindwa? La tatu ndilo zito zaidi, kwani anayeelewa kosa lake hurudi kucheza tena.

Marekebisho yafanywe moja moja. Anayebadilisha akiba ya Roma, nguvu za ndovu na idadi ya miji kwa siku moja hatajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililodhuru. Aidha, kabla ya kuisambaza kazi yake, asome masharti ya leseni ya mchezo husika.

Kazi yote hii huchukua wiki nyingi, na malipo yake mara nyingi ni shukrani tu. Hata hivyo, kijana aliyelazimika kuamua ni lejioni ngapi zizaliwe baada ya Cannae, na kwa nini Capua igeuke lakini Italia ya kati isigeuke, atakuwa ameuliza maswali yale yale yanayoulizwa na mwanahistoria. Atakuwa amegundua pia kuwa dola huanguka au husimama kulingana na wanaobaki nayo siku ya msiba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Hannibal aliijua bei ya methali hiyo kuliko mtu yeyote wa zama zake.